Umetolewa uvimbe wa neva ya sikio? Jinsi ya kujiuguza ukirudi nyumbani

Watu wengi wakitoka opareshen ya akustiki nyuroma, yaani huo uvimbe wa neva ya sikio, wanaambiwa wakapumzike, basi wanalala wiki nzima hata kichwa hawageuzi. Jamani, kupumzika ni sawa, ila kile kizunguzungu hakiishi kwa kulala.

Iko hivi, uvimbe wenyewe sio kansa, unaota kwenye neva ya nane ile ya kusikia na ya mizani ya mwili, na kwenye kuutoa mara nyingi neva ya mizani ya upande ule inaondoka nao, kwahiyo ubongo unabaki unapata taarifa za upande mmoja tu, ndo maana siku za mwanzo chumba kinazunguka na unatapika. Ubongo unajifunza upya kutegemea sikio lililobaki, macho na nyayo, lakini unajifunza pale unapojisogeza. Dawa za kizunguzungu zinasaidia mwanzoni, ukizimeza wiki na wiki zinachelewesha mambo, muulize daktari uziache lini.

Kaa ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa imekanyaga chini, subiri utulie, simama mtu akiwa pembeni, tembea mpaka mlangoni, kesho ongeza kidogo. Mtaalamu akisharuhusu, nyoosha mkono, kodolea ukucha wa kidole gumba, alafu geuza kichwa kulia kushoto taratibu macho yasibanduke kwenye ukucha, ukiona ukucha unachezacheza punguza spidi. Kizunguzungu kidogo hapo kisikutishe, ndo kazi inafanyika. Usiku acha taa inawaka maana gizani macho hayakusaidii, na usiogelee peke yako kabisa, chini ya maji unaweza usijue juu ni wapi.

Sasa jicho, hapa naomba usome mara mbili. Neva ya uso inapita palepale kwenye uvimbe, ikichokozwa uso unalegea upande mmoja na jicho halifungi. Uso unaweza kuchukua miezi kurudi, hata mwaka na zaidi, ila jicho halisubiri, kioo chake kikikauka kinatoka kidonda na unaweza kupoteza uwezo wa kuona, na kuna watu jicho linakuwa na ganzi kwahiyo hata maumivu hawayasikii. Mchana weka matone ya machozi bandia mara kwa mara hata kama husikii ukavu, usiku paka dawa ya mafuta ya jicho alafu shusha kope kwa kidole, hakikisha limefunga lote, ndo ubandike plasta laini, ukifunika jicho likiwa wazi ile plasta au kitambaa kitalikwaruza. Nje vaa miwani ya kuzuia upepo. Likiwa jekundu au unaona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kingine ni maji ya ubongo kuvuja. Usibebe vizito, usipenge kamasi kwa nguvu, chafya ikija piga mdomo ukiwa wazi, na choo kikiwa kigumu omba dawa ya kulainisha badala ya kujikamua. Ukiona maji maangavu yanadondoka puani hasa ukiinama, au ladha ya chumvi kooni, au kidonda kinalowa, rudi hospitali. Na homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana na mwanga kukuumiza macho, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, usisubiri kukuche.

Mlio sikioni unaweza kubaki. Kama usikivu umeondoka upande ule waambie watu wakae upande unaosikia, vipo pia vifaa vya kuhamishia sauti kwenye sikio linalosikia. Uchovu nao ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, wengi wanarudi kazini baada ya wiki 6 mpaka 12, na gari usiendeshe mpaka daktari aseme. Kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, ulichopangiwa usikiruke hata ukijiona mzima, mabaki ya uvimbe yakikua tena yanakua polepole na unaweza usisikie chochote.