Somo: Kufundisha watoto wadogo historia kwa vitu vya kuchezea

Mtoto wa miaka sita ukimtajia mwaka 1961 atashika sauti ya maneno tu, lakini ukimpa mwanasesere wa gunzi mwenye nywele za ndevu za mahindi, atauliza mwenyewe ni nani aliyemtengeneza na kwa nini hakununuliwa dukani. Somo hili linafaa darasa la kwanza na la pili, na linahitaji vitu vitano au sita tu.

Hatua ya kwanza: Siku tatu kabla ya kipindi, waagize watoto wawaulize bibi, babu na wazazi walichezea nini, kisha walete kitu kimoja. Mara nyingi hupatikana gari la waya lenye matairi ya kandambili, gari la kopo lenye matairi ya visoda, pia ya kuzungusha, na gari la plastiki la dukani.

Hatua ya pili: Waache wacheze kwa dakika kumi. Usiwafundishe chochote.

Hatua ya tatu: Kwa kila kitu uliza kimetengenezwa kwa nini, na nani, na malighafi yake ilipatikana wapi. Hapa ndipo historia yenyewe ilipo, kwa hiyo usipaharakishe. Gunzi lilitoka shambani, ilhali waya na kopo vilisubiri bidhaa za viwandani zifike kijijini, na tairi la kandambili halipatikani mpaka kandambili ya mtu ikatike. Mpira wa mifuko ya nailoni una hata tarehe yake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, hivyo mtoto anayefunga mpira wa chandimu leo hutafuta soksi na matambara pale ambapo kaka yake aliokota mifuko ya Rambo. Watoto hushangaa sana kusikia kwamba sheria ya nchi iligusa hata mpira wao.

Hatua ya nne: Tandaza kamba sakafuni yenye mafundo matatu, la bibi, la mama na la mtoto, kisha wapange vitu bila kutaja miaka. Watabishania gari la waya, kwa kuwa vizazi vyote vitatu vimelitengeneza, waache wabishane.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, wanafunzi wangu husema cha zamani ni kile kilichovunjika. Nifanyeje?
Jibu: Leta gari la plastiki lililovunjika juzi pamoja na mwanasesere wa gunzi uliyemtengeneza asubuhi hiyo. La kwanza ni bovu lakini ni la siku hizi; wa pili ni mpya, ila namna ya kumtengeneza bibi aliijua. Kuchakaa na kuwa cha kale ni mambo mawili.

Swali: Nafundisha mjini, magunzi nitayapata wapi?
Jibu: Kwa muuza mahindi ya kuchoma, jioni. Ndevu mwombe mapema kabla hajamenya.

Swali: Je, waya hauwezi kuwachoma?
Jibu: Unaweza. Kunja ncha zote kwa koleo, na visoda vyenye kutu viache nje.

Swali: Mtoto mmoja alileta gari la bei kubwa, wenzake wakaficha vyao.
Jibu: Pokea vitu vyote siku moja kabla, uvipange mezani bila majina ya waliovileta.