Diski mpya ya nje: namna ya kuikagua kabla ya kuikabidhi mafaili yako

Anayenunua diski ya nje kwa kawaida huichomeka, huona alama yake imejitokeza kwenye kompyuta, na papo hapo huanza kuhamishia humo picha za harusi na kazi za chuo. Haraka hiyo ni ya hatari, kwa sababu diski mbovu na diski bandia zote huweza kuonekana nzima kabisa katika saa za mwanzo, na hasara hujulikana siku unapolitafuta faili ukalikosa.

Ukaguzi uanzie dukani, iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Diski za sumaku zinazozunguka hutengenezwa leo na kampuni tatu tu duniani, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Majina mengine unayoyaona ni ya kampuni zinazozifunga diski hizo ndani ya kasha lao, jambo ambalo si kosa. Kinachopaswa kukutia shaka ni ukubwa usiowezekana. Mwaka 2024 diski kubwa kuliko zote za sumaku za kubebeka mfukoni, zile za inchi 2.5, ilikuwa ya terabaiti 6, kwa hiyo kidude chepesi chenye maandishi ya terabaiti 16 kinachouzwa kwa bei ya flashi hakiwezi kuwa kile kinachojitangaza. Ndani ya vidude hivyo mara nyingi hukutwa kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, iliyopachikwa kwenye sakiti ambayo programu yake imechezewa ili iitajie kompyuta ukubwa wa uongo. Usiondoke bila risiti, na kwa Tanzania ile ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi.

Ukifika nyumbani, iweke diski juu ya meza iliyotulia na usiisogeze ikiwa inazunguka. Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu kwa ndani, kwa kuwa kwenye tundu la USB 2 kasi haizidi megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde hata diski ikiwa nzuri namna gani. Sikiliza: mvumo mwepesi ni wa kawaida, lakini mlio wa kugonga unaojirudia huku diski ikizima na kuwaka ni dalili ya umeme usiotosha au ya kichwa cha kusomea kilichoharibika. Badilisha tundu na waya. Hali ikiendelea, irudishe.

Diski ya terabaiti 1 itaonyeshwa na Windows kuwa na gigabaiti 931, na hapo hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows hugawa kwa 1,024 kila hatua.

Hatua inayofuata ni kusoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, na kwenye Linux programu ya smartctl. Tazama saa ambazo diski imewahi kuwaka, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na sekta zinazosubiri kuamuliwa. Saa ziwe sifuri au chache sana, na hizo nyingine mbili ziwe sifuri kamili. Hata hivyo, saa chache si ushahidi wa kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua kwamba diski za Seagate walizouziwa na wafanyabiashara kama mpya zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, na hesabu hiyo ilikuwa imefutwa.

Ndiyo maana kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni kuijaza diski yote na kuisoma tena. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huandika mafaili ya majaribio mpaka nafasi iishe, kisha huyasoma na kulinganisha kila kilichoandikwa. Diski bandia huumbuka hapa, kwa sababu ikishajaza nafasi yake ya kweli hufuta vya mwanzo au hutupa vipya huku ikidai imehifadhi. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kuandika terabaiti 1 huchukua karibu saa 3, na kusoma vivyo hivyo. Na kwa kuwa diski ya sumaku hupungua kasi inapokaribia kujaa, tenga usiku mzima, na zaidi kwa diski kubwa. Tumia laptopu yenye betri nzima ili umeme ukikatika kazi isikatike, na uizuie isijilaze usingizini. Likitokea kosa hata moja, piga picha skrini na urudi dukani na risiti, wala usikubali kuambiwa kwamba fomati itaponya.

Ikifaulu, ifomati, jambo litakalofuta pia mafaili ya majaribio. Hapo utachagua mfumo wa kupanga mafaili: NTFS yafaa kama utatumia Windows pekee, maana Mac huisoma tu bila kuiandikia. exFAT hukubalika na zote mbili, lakini haina daftari la ndani la kuokoa mambo waya ukichomolewa ghafla, kwa hiyo kila mara kabla ya kuchomoa amuru kompyuta iiachie diski kwanza (Eject). Epuka FAT32, ambayo haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na video ya harusi hupita hapo kwa urahisi. Kisha nakili mafaili yako badala ya kuyahamisha, fungua baadhi yake kutoka kwenye diski, na usifute ya awali mpaka uwe na nakala nyingine mahali pa pili.