Ruzuku za utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa chuo: hatua kwa hatua

Kabla ya yote, elewa pesa hizi ni za nini. Sehemu kubwa ni posho ya kujikimu, ili likizo ndefu isikulazimishe kutafuta kibarua bali ukae maabara, maktaba au uwandani kwa wiki nane hadi kumi na kadhaa. Mimi husimamia wanafunzi na nimekaa kwenye kamati za uteuzi. Swali linaloulizwa pale mezani mara nyingi si kama mwombaji ana akili, ni kama kazi aliyoandika itaisha kabla muhula haujaanza.

Hatua ya 1: Jua unaomba ipi

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina miradi tayari, wewe unaomba nafasi. Mfano ni REU, programu ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza inayofadhiliwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, au RISE Germany ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, ambako wanafunzi wa shahada ya kwanza huchagua miradi iliyotangazwa na watafiti walioko Ujerumani. Ya pili, ambayo vyuo vingi hutoa kwa wanafunzi wao wenyewe, inakutaka uje na wazo lako.

Soma masharti ya uraia kwanza kabisa. Posho ya REU, kwa mfano, ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Angalia pia tarehe: kwa kiangazi cha Juni hadi Agosti, milango mingi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo ukianza kuulizia Aprili umechelewa.

Hatua ya 2: Tafuta msimamizi

Kwa aina ya pili, hapa ndipo penye kazi. Bila mhadhiri aliyekubali kwa maandishi, fomu nyingi hazipokelewi. Mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, ni makala gani yake umesoma na ni jambo gani ndani yake limekuachia swali, kisha omba dakika ishirini za kuonana. Usimtumie andiko la kurasa saba asiloliomba. Na muulize waziwazi kama atakuwepo kiangazi chote. Wahadhiri nao husafiri, na mwanafunzi aliyeachwa peke yake na mashine asiyoijua hupoteza wiki nzima.

Hatua ya 3: Andika mradi unaotosha muda

"Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wadudu" ni kazi ya maisha. "Je, nyuki hutembelea maua ya aina hii zaidi asubuhi au alasiri, katika viwanja viwili?" hiyo inaingia ndani ya wiki kumi. Punguza swali mpaka uone aibu kwa udogo wake, ndipo litakapokuwa saizi yake.

Weka ratiba ya wiki kwa wiki, na uache angalau wiki mbili za mwisho kwa uchambuzi na uandishi. Wanaozisahau ni wengi. Andika kwa lugha ambayo mtu wa fani nyingine ataielewa, maana kwenye kamati mwanahistoria anaweza kusoma andiko la kemia.

Kama utahoji watu au kutumia taarifa zao binafsi, kibali cha maadili ya utafiti kinaweza kuchukua wiki au miezi. Anza kukishughulikia kabla hata ya kujua kama umepata ruzuku.

Hatua ya 4: Bajeti na barua

Kila kiasi kiwe na maelezo: nauli ya wapi, vifaa gani, vingapi. Kompyuta mpakato mpya mara nyingi hukatwa. Barua ya mapendekezo iombe mapema, ukimpa mwandishi andiko lako na tarehe ya mwisho.

Hatua ya 5: Ukishapata

Uliza pesa zinalipwa vipi. Kwingine ni mkupuo mmoja, kwingine kwa awamu, na gharama za vifaa huenda ukalipa kwanza ndipo urudishiwe kwa risiti. Uliza pia habari ya kodi, na kama unaruhusiwa kufanya kazi nyingine au kusoma kozi wakati huohuo; programu nyingi zinataka muda wako wote.

Mradi ukibadilika njiani, na hubadilika, mwambie msimamizi na ofisi ya ruzuku mapema kwa maandishi. Matokeo yasiyo uliyoyatarajia hayakufanyi urudishe pesa. Kutowasilisha ripoti kunaweza kukufikisha huko.