Fasihi ya Kiingereza A-level: kaa na neno moja

Mdogo wangu unayeanza A-level huko Uingereza (masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu), usikimbilie muhtasari wa intaneti, soma kitabu chenyewe kwanza tena penseli mkononi. Chukua Othello, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 5 onyesho la 2, Othello mwenyewe kaingia na taa kumuua mkewe Desdemona, anasema azime mwanga, halafu azime mwanga. Neno lilelile mara mbili! La kwanza ni taa yenyewe, la pili ni uhai wa huyo Desdemona aliyelala pale, na taa unaweza kuiwasha tena ila uhai ndo basi. Hapo ndo pa kukaa, andika aya nzima, maana msahihishaji hataki umsimulie hadithi, anaijua. Halafu ile kazi ya kuandika mwenyewe nje ya mtihani ni asilimia 20 ya maksi, anza mapema.