Kibali cha kuvuna mpingo katika msitu wa kijiji: hatua kwa hatua

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, kwa hiyo ulioangushwa leo bila kibali hautapata mbadala katika maisha ya aliyeukata. Somo hili linahusu vijiji vya Tanzania vyenye miti hiyo, kama vya Kilwa, ambako misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009.

Hatua ya kwanza ni kuutenga msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi: mkutano mkuu unaridhia mipaka, kamati ya maliasili inachaguliwa, kisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinapelekwa halmashauri ya wilaya. Msifanye haraka hapa, kwani mpaka ambao kijiji jirani hakijaukubali utazua mgogoro mara uvunaji unapoanza.

Hatua ya pili ni kuhesabu miti. Kiwango cha kuvuna kitokane na hesabu hiyo, si na oda ya mnunuzi.

Hatua ya tatu ni kibali chenyewe, kinachotaja aina ya mti, idadi au ujazo, eneo na muda. Kila mti hupimwa ukiwa umesimama, usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Wenye kipenyo kisichofika sentimita 24, sawa na mzingo wa takriban sentimita 75, hauguswi.

Hatua ya nne ndiyo ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote: nyundo. Gogo na kisiki chake vyote vigongwe alama, ili mkaguzi anayetilia shaka mzigo aweze kurudi msituni, kukuta kisiki chenye alama ileile na kukilinganisha na daftari la kamati. Kisiki kisicho na alama ni ushahidi wa wizi, hata kama mfanyabiashara ana karatasi mkononi. Baada ya hapo ndipo hutolewa hati ya kusafirishia, yaani TP.

Maswali ya wanachama

Swali: Mti umefikisha kipimo lakini una uwazi ndani. Je, tuukate?
Jibu: Mpingo wenye uwazi ni jambo la kawaida. Gongeni shina na kulikagua kabla ya kuuweka kwenye orodha. Wenye dalili za uwazi uachwe uendelee kutoa mbegu.

Swali: Mgeni akinunua kinyago cha mpingo, anahitaji kibali cha CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini?
Jibu: Jamii yote ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, yaani orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali, Januari 2017. Tangu Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena, pamoja na ala za muziki zilizokamilika, zimesamehewa. Magogo na mbao za kupasua bado zinahitaji kibali hicho.