Mambo ya kuzingatia kabla ya kumchanja punda mwenye mzio

Punda aliyehema kwa shida baada ya sindano ya mwaka jana bado anahitaji chanjo. Vidonda vya sogi na kwato zilizochomwa na miiba ya migunga ni njia za pepopunda, na punda hupata ugonjwa huo kwa urahisi kuliko ng'ombe. Kazi kubwa ni ya maandalizi.

Mweleze daktari wa mifugo jina la chanjo iliyotumika, namba ya toleo ikiwa kichupa kilitunzwa, na dalili zilichukua muda gani kutokea. Muda ndio unaoamua. Uvimbe shingoni unaojitokeza kesho yake na kunywea baada ya siku mbili tatu ni wa kawaida. Jasho la ghafla, mabaka yaliyovimba mwilini, kutetemeka, kukosa pumzi au kuanguka ndani ya dakika chache hadi saa moja ni mzio mkali, nao unaua.

Mnyama wa namna hii asichomwe chanjo mbili siku moja. Achanjwe ya pepopunda kwanza, ya kichaa cha mbwa isubiri wiki tatu au nne, la sivyo mzio ukitokea hamtajua umeletwa na ipi. Ulizeni pia kama ipo ya kampuni nyingine, maana mwili huweza kukataa viambato vya ziada tu vilivyochanganywa humo, si chanjo yenyewe.

Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwepo kabla kichupa cha chanjo hakijafunguliwa. Kwa ile yenye miligramu 1 kwa mililita, punda wa kilo 150 huhitaji mililita 1.5 hadi 3 kwenye msuli. Dozi anaitoa daktari, lakini uzito ukadiriwe mapema, kwani mnyama akishaanguka hakuna nafasi ya kupiga hesabu.

Chanjo isafirishwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kwa jua la Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, wengi huogopa joto peke yake, kumbe kuganda nako huiharibu ya pepopunda. Zungushieni barafu gazeti, isigusane na vichupa.

Chanjeni asubuhi, kivulini, kabla punda hajaenda kisimani. Aliyetoka kubeba madumu manne ya maji tayari anatoka jasho na kuhema, kwa hiyo dalili za mzio zitafichika. Sindano ikae mbali na mahali kamba za mzigo zinapopita. Mtu mzima amwangalie saa nzima, si mtoto aliyeachiwa na kazi nyingine, kisha punda apumzike siku mbili.

Angalieni na chakula. Punda huficha maumivu, hivyo dalili pekee inaweza kuwa kuacha kula. Akiwa mnene au ana mimba, msisubiri kesho: mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na kuharibu ini. Mpigieni daktari siku hiyohiyo.