Njia ya Kuufikia Umalenga katika Shairi la Mizani 16

Anayetamani kuitwa malenga na atambue mapema kwamba kuhesabu mizani, yaani silabi, si umalenga. Hesabu hiyo hujifunzwa kwa juma moja: ubeti wa shairi tulilolizoea una mishororo (mistari) 4, kila mshororo una mizani 16 zilizogawanywa katika vipande viwili vya mizani 8, cha kwanza kikiitwa ukwapi na cha pili utao, na kila kipande huishia kwa kina chake, yaani silabi ya mwisho inayorudiwa mshororo kwa mshororo. Kinachochukua miaka ni kufika mahali ambapo vina havimwamrishi tena mtunzi la kusema.

Anza kwa sikio, kalamu ikae kando. Kariri beti za watangulizi na uzighani kwa sauti, kwani ndivyo zilivyoishi: mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua, mwanazuoni wa mji huohuo, alipoyanukuu kwa maandishi mwishoni mwa karne ya 19. Sikio ndilo litakalokufunza kwamba mbuni, yule ndege, ana mizani 2, ilhali mbuni kwa maana ya mwenye kubuni ana mizani 3, kwa kuwa m yake hutamkwa peke yake. Maandishi ya maneno hayo mawili ni mamoja, na ndiyo maana mtunzi anayehesabu kwa macho hujikwaa.

Sikio likishaiva, shika bahari moja, yaani aina moja ya shairi, na udumu nayo. Utenzi na mengineyo yatasubiri.

Sasa tazama mahali ambapo wanagenzi wengi hukwama. Tuseme unataka kueleza uchungu wa kuagana, nawe umeandika hivi:

Jahazi limeondoka, alasiri bandarini,
Na tanga limenyanyuka, wasafiri furahani.

Vina vimetimia na mizani ni kamili, lakini shairi limekufa, kwa kuwa neno "furahani" limeletwa na kina cha -ni, wala halikuletwa na safari. Tena linaupinga uchungu uliokusudia kuusema. Usitafute neno jingine la kulipachika mahali pake. Rudi kwenye tukio lenyewe, ujiulize ni nani aliyebaki gatini na mikono yake ilikuwa ikifanya nini, kisha uandike:

Jahazi limeondoka, alasiri bandarini,
Mama leso ameshika, hapungi, i mkononi.

Vina ni vilevile, ila sasa vinamfuata mama. Huzuni haikutajwa, na leso isiyopungwa imeibeba yote. Kazi ya namna hii huenda ikakugharimu siku nzima kwa mshororo mmoja, na mara nyingi italazimu ubeti mzima uchanwe, pamoja na ule mshororo uliokuwa ukiupenda kuliko yote. (Kwa maoni yangu, mshororo unaopendwa mno na mtunzi wake ndio wa kwanza kutiliwa shaka.)

Utakutana pia na idhini ya mshairi. Inkisari hufupisha neno, kama vile "aliyekuja" kuwa "alokuja", ili mizani 5 ziwe 4, mazida hulirefusha. Idhini hizi ni halali, lakini bingwa huzitumia kama chumvi, na akizitumia msomaji hahisi kwamba neno limekatwa ili litoshe. Ukiona inkisari 3 katika ubeti mmoja, tatizo si urefu wa maneno bali ni wazo ambalo halijapata umbo lake.

Baada ya hapo jitose katika kujibizana. Mpe mtunzi mwenzako fumbo la beti chache, naye akujibu kwa vina vyako vilevile, kisha umjibu tena. Hapo huna nafasi ya kuchagua mada wala vina vinavyokurahisishia, na udhaifu uliouficha nyumbani hujitokeza mbele ya watu.

Mwisho, mpe mtu asiyelijua shairi lako alighani bila maelezo yoyote, nawe usimsahihishe. Msikilize tu. Pale atakapositasita, au atakapovuta pumzi katikati ya ukwapi, tia alama, hata kama hesabu yako inasema mizani ni 16 barabara. Mshororo huo haujakamilika, na usiku huohuo urudi mezani.